Mwanga Ataingia Chumbani

Mnunuzi akishika kitu mara moja, anatazama tu. Akikishika mara ya pili, bei inapanda. Nilianza biashara na sheria hiyo, na nilikuwa naifuata siku ile Fundi Gata alipoingia uani kwangu kutafuta bati, akaishia kusimama mbele ya lundo la nyuzi nilizokuwa nimeziweka kando zitupwe.

Nauza vitu vya majengo yaliyovunjwa: milango, fremu za madirisha, masinki, ngazi za chuma. Watu wananiita Mama Milango. Wiki ile nilikuwa nimenunua mabaki ya ukumbi wa sherehe uliobomolewa, ukumbi uliokuwa na dari ya nyota. Nyota zenyewe zilikuwa ujanja mtupu. Ilikuwa taa moja ndani ya kasha, na kutoka kwenye kasha zilitoka nyuzi za plastiki angavu mia kadhaa, nyembamba kama za kuvulia samaki, kila uzi ukitoboa dari na kuishia kwenye nukta ya mwanga. Taa niliiuza siku hiyo hiyo. Kasha lilichukuliwa na mfuga kuku. Nyuzi nani angezitaka?

Yeye alizishika mara tatu.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mrefu, vidole vimechanwachanwa na makali ya mabati. Kazi yake ilikuwa gata, ile mifereji ya bati inayokinga maji ya mvua ukingoni mwa paa, na ndiyo iliyompa jina. Alichomoa uzi mmoja, akaipeleka ncha moja mlangoni penye jua, ncha nyingine akaifumba kiganjani. Kisha akafungua kiganja kidogo nichungulie. Ndani kulikuwa na nukta nyeupe, kali kama jicho la panya.

"Mama, umeona? Jua liko kule, mimi niko huku, na uzi umepinda."

"Nimeona. Hizo zimetoka nje, fundi. Ni ghali."

"Ghali? Mbona umeziandikia TUPA?"

Ni kweli, nilikuwa nimeandika kwa chaki ubavuni mwa boksi. "Hilo ni jina la kiwanda," nikamwambia.

Alicheka mpaka akaketi juu ya sinki. Mtu mwingine angeligeuza kicheko kile kuwa silaha, akaondoka na nyuzi bure. Yeye alianza kunieleza alikuwa anazitakia nini. Hapo nikajua kwamba huyu ni bingwa wa mikono na hana mdomo wa soko, maana soko ni kunyamaza, na yeye alieleza kila kitu mpaka vipimo.

Alikuwa na dada yake mkubwa, fundi cherehani. Dada huyo alishona na wanawake wengine saba katika chumba cha chini cha jengo moja refu la wapangaji. Zamani chumba kile kilikuwa na madirisha mawili. Kisha jirani akajenga, akajenga, hata ukinyoosha mkono dirishani unagusa ukuta wake. Umeme wa jengo mwenye jengo aliukata mchana, akisema jua lipo, taa za nini. Kazi yao ilikuwa sare za walinzi: kitambaa cha buluu inayokaribia weusi, na uzi wa rangi hiyo hiyo. Daktari wa macho alikuwa amemwambia yule mama maneno mawili tu, apate mwanga mkali au aache kazi. Kazi hangeweza kuiacha.

Basi fundi alikuwa amemtengenezea bomba. Si la maji wala la moshi. Alikunja bati la alumini kama anavyokunja la gata, akaling'arisha kwa ndani siku kumi na mbili kwa majivu na kitambaa hata ukaweza kujinyoa humo, akalishusha kutoka juu ya paa kupitia tundu la zamani la bomba la moshi mpaka kwenye chumba cha kushonea. Juu alifunika kwa bakuli la kioo ili mvua isiingie. Jua liliingia juu, likadundadunda kwenye kuta za bomba, likatokea chini.

"Tatizo ni kona," akasema. "Bomba likipinda, mwanga unachoka. Kona mbili, umekwisha. Lakini hizi nyuzi, mama, hizi hazijui kona!"

Nilimpa nyuzi zote. Malipo yake yalikuwa gata nne za paa langu, na nionyeshwe hilo bomba.

Dada yake alinipokea kwa maneno. "Karibu, wifi. Kaka yangu leo kaleta wa kutusaidia au wa kutupangia bei?"

"Vyote viwili, wifi."

"Afadhali. Aliyekuja kusaidia tu juzi alituachia ushauri."

Nilitazama dari. Kulikuwa na tundu la upana wa sahani, na kutoka humo mwanga mweupe ulimiminika juu ya meza kubwa ya kukatia, ukafanya duara. Kwa kuwa jua linatembea, duara nalo lilitembea, na wale wanawake wanane walisogeza viti vyao taratibu kuizunguka meza, kila saa mahali pengine, bila kusemezana. Mle ndani kulinuka mafuta ya cherehani na ukuta mbichi. Dada mtu alitunga sindano mbele yangu mara moja tu, akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

"Zamani nilitunga kwa ulimi na dua," akasema.

Niliona bidhaa. Nilihesabu kichwani maghala, stoo, korido za shule, vyoo vya ofisi, giza lote la mchana ambalo watu wamelizoea kwa sababu hawajui kwamba dawa yake inauzwa. Nikamwambia fundi tuandikishe. Kuna ofisi inayoandikisha ubunifu, na ukishaandikishwa hakuna wa kukuiga bila kupitia kwako. Nikaenda, nikarudi na fomu. Ofisi ilitaka mchoro, jina la mbunifu, na barua ya mwenye jengo kwamba kitu kimejaribiwa kwake na kinafanya kazi. Mchoro alikuwa nao. Jina lilikuwa lake. Barua ndiyo ilikuwa shughuli.

Mwenye jengo alikuwa dereva wa malori mstaafu, mtu wa maneno machache na funguo nyingi kiunoni. Alitusikiliza akiwa amesimama, ili tusizoee.

"Ghorofa ya juu ina vyumba kumi na viwili havina dirisha la maana," akasema. "Wekeni huko. Mwezi mmoja. Pasipo lalamiko, nawapa barua na jengo zima ni lenu. Nikipata lalamiko moja, mnatoa takataka zenu zote."

"Na lile bomba la chini?" fundi akauliza.

"Zote maana yake nini kwenu?"

Kwa hiyo kila kitu kiliwekwa kwenye mzani mmoja: jina la fundi katika kitabu cha ofisi, na macho ya dada yake chini kule. Mimi nilikuwa na hisa yangu pia, lakini mimi nilikuwa na milango ya kuuza, lile likishindikana.

Fundi alifanya kazi ambayo sijaona mfano wake. Juu ya paa alisimamisha kioo kipana cha plastiki alichokitoa kwenye runinga kubwa ya zamani, chenye mistari ya duara ndani ya duara, ambacho hukusanya jua la mita nzima na kulifanya nukta moja. Nukta ile ilichoma. Mara ya kwanza iliyeyusha ncha za nyuzi kama mshumaa. Akakaa siku mbili anafikiri, siku ya tatu akaja na chupa pana ya kioo, akaijaza maji safi, akaining'iniza kati ya kioo na nyuzi. Maji yakala joto, yakaacha mwanga upite. Chini ya chupa, nyuzi zilifungwa kitita kimoja, kisha zikagawanyika mafungu kumi na mawili, kila fungu likatambaa darini na kutokea katika chumba chake. Kila asubuhi alipanda kugeuza kioo kifuate jua, kufuta vumbi, na kubadili maji.

Tangazo la wapangaji niliandika mimi. Nina herufi za bati zilizotobolewa ambazo huwa ninazilaza juu ya ubao na kupaka rangi. Niliandika ubao mmoja, nikautundika penye ngazi: KUANZIA KESHO MWANGA UTAINGIA CHUMBANI KWAKO KUPITIA DARINI. USIZIBE TUNDU. Ndivyo nilivyodhani nimeandika. U nilizilaza zote sawasawa isipokuwa moja, ambayo niliiweka kichwa chini, na rangi ilipovuja katikati, ikawa A. Ubao ukasomeka: MWANGA ATAINGIA CHUMBANI KWAKO.

Lugha yetu ina ubahili wake. Neno lile lile mwanga linabeba kitu cha jua na mtu wa usiku anayewaroga wenzake. Tunawatenganisha kwa herufi moja tu ya mbele. Wa jua utaingia. Mchawi ataingia.

Jengo zima lilicheka. Kinyozi aliyepanga chumba cha tisa alinidaka ngazini.

"Mama Milango, huyo mwanga atakuja amevaa nguo au kama kawaida yao?"

"Atavaa koti lako la deni," nikamjibu.

"Basi asipite darini, apite mlangoni kama wageni. Tutampikia chai."

Watoto wakawa wanagonga milango: "Hodi, mwanga!" Fundi akipanda ngazi asubuhi na chupa yake ya maji, mtu atafungua mlango na kusema, "Shikamoo, mwanga," na wengine watacheka. Yeye naye alicheka, siku mbili za kwanza. Siku ya tatu alikuja uani kwangu.

"Mama, geuza ile herufi."

"Ya nini? Watu wanapanda ngazi makusudi kwenda kusoma. Tangazo linalochekwa ndilo linalosomwa."

"Wewe hupiti kule darini. Mimi ndiye napita."

"Fundi, mzaha hauvunji mfupa. Mwezi mmoja tu."

Hakubishana. Nilikuwa na ngazi, nilikuwa na rangi, kazi yenyewe ilikuwa ya dakika tano. Niliuacha ubao kwa sababu ulikuwa unafanya kazi, nami sina tabia ya kugusa kitu kinachofanya kazi.

Chumba cha kumi na moja alikaa karani mstaafu na mkewe. Mzee alikuwa na ugonjwa wa moyo, miguu imevimba, ngazi alizipanda kwa vituo. Hakuna mpangaji aliyeupenda mwanga ule kama yeye. Aliweka kiti chake chini ya tundu, akasoma magazeti ya zamani, na kila akimwona fundi alimpa ripoti: "Leo umechelewa dakika nne, kijana." Wiki ya tatu, saa sita mchana, mkewe alirudi kutoka kuteka maji akamkuta amekufa kitini, gazeti magotini, na nukta za mwanga zimemtulia kifuani.

Mkewe mwenyewe hakusema kitu. Alijua moyo wa mumewe, alikuwa na dawa zake kwenye kopo. Wengine pia hawakusema, mpaka baada ya mazishi. Kisha nikamkuta kinyozi ngazini, safari hii hakutabasamu. Alielekeza kidole kwenye ubao wangu.

"Aliingia, siyo?"

Nilimwambia asiwe mjinga, mzee alikuwa mgonjwa miaka sita. "Ndiyo," akasema, "miaka sita. Na akafa wiki ya tatu." Siku ile nilimaliza kwa kushusha ubao. Nilikuwa nimechelewa. Walichokuwa wanakisoma sasa hakikuwa ubaoni.

Kesho yake wapangaji wanne walipanda paani, mahali ambapo hakuna mpangaji aliyewahi kupanda. Wakakuta nini? Wakakuta chupa ya maji matupu inaning'inia, na chini yake nyuzi zimefungwa kitita, kisha zimegawanywa mafungu, fungu moja kwa kila chumba, zinaingia juu ya vichwa vyao wanapolala. Hebu niambie mtu ungemweleza vipi. Haya alinieleza dada yake fundi baadaye.

Kioo hakuna aliyethubutu kukigusa. Maji waliyamwaga.

Jua lilipopanda, ile nukta haikuwa na kitu cha kuilainisha. Ilikaa juu ya kitita, nyuzi zikaanza kuyeyuka, kisha zikashika moto, na moshi mweusi wa plastiki ukafuata njia zile zile za darini mpaka ukatokea katika vyumba vyote kumi na viwili. Watu walikimbia na magodoro. Fundi alikuwa chini kwa dada yake. Alipanda ghorofa zote bila kupumzika, akavua shati akalitupa juu ya kioo, akazima kitita kwa viatu. Haukuungua hata ubao mmoja wa dari. Lakini aliposhuka, kifua wazi, uso umejaa masizi, watu walimpisha ngazini kwa kujibana ukutani, na mama mmoja alimfunika mwanawe uso.

Mwenye jengo alikuwa anangoja chini. "Nilisema lalamiko moja," akasema. "Nimepata jengo zima."

Bomba la chumba cha kushonea fundi alilitoa mwenyewe. Nilikuwepo. Kati ya wale wanawake saba, wawili walikuwa wameshahamishia viti vyao mlangoni, hawamsalimii dada mtu. Fundi alikuwa anafungua vibano polepole kama anayevua bandeji. Alitaka kusema kitu, dada yake akamkata.

"Toa, kaka. Mimi nina vidole."

Duara likapotea kwenye meza. Zikasikika cherehani tu.

Siku kumi baadaye alikuja kwangu. Alikuwa amekonda, na alikuwa amejifunza kusimama mbali na watu. Wateja wa gata walikuwa wameanza kumwambia watamtafuta wao.

"Mama, sitaki kitu kingine. Nenda pale jengoni, simama mbele yao, sema ile herufi ilikuwa mkono wako."

Nilifikiri. Mwenye jengo alikuwa anataka milango ishirini na mbili, tulikuwa tumebakiza kupeana mikono. Nikisimama pale na kusema kosa lilikuwa langu, mimi ndiye niliyeleta kizaazaa chote, milango ile imekwenda. Kitu kina bei yake, hata ukweli. Fomu ya ofisi ilikuwa bado ndani ya droo yangu, na mchoro wake.

"Nitakwenda," nikamwambia. "Lakini nipoteze, nipate. Niachie mchoro. Uandikishwe kwa jina langu."

Nilijiandaa kwa mabishano, nilikuwa tayari kushuka mpaka nusu kwa nusu. Yeye akauliza, "Kalamu iko wapi?" Akatia sahihi bila kusoma. Sijawahi kununua kitu kwa urahisi vile, na sikukifurahia kama nilivyotarajia, lakini kalamu nilimpa.

Nilitimiza ahadi. Siku ya mapumziko nilisimama penye ngazi, fundi nyuma yangu, na dada yake kando amemshika mkono. Walikuja watu kumi na mmoja. Nikasema yote: herufi za bati, U iliyogeuka, rangi iliyovuja, kwamba fundi aliniomba niigeuze nikakataa, kwamba maji yalikuwa ya kupunguza joto tu. Nilileta na ile herufi yenyewe wakaiona.

Kinyozi alisikiliza mpaka mwisho, mikono kifuani.

"Mama Milango, sisi tunajua kusoma," akasema. "Tulijua ni makosa tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana tulicheka."

"Basi fundi mlimfanyia hivyo kwa nini?"

"Karani alikufa."

Wengine wakaitikia kwa vichwa, kama vile amejibu swali. Mmoja mmoja wakarudi vyumbani. Nilimgeukia fundi. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo. Alikuwa na sura ya mtu aliyelipia kitu, akafungua mfuko barabarani akakuta hakimo. Dada yake akamwambia, "Twende, kaka, jua kali," wakaondoka.

Milango ishirini na mbili mwenye jengo alinunua kwa mtu mwingine. Barua ya majaribio niliipata kwa mwenye ghala la nafaka, nikaandikisha bomba kwa jina la Dirisha la Paa. Neno mwanga sikuliweka popote, si kwenye fomu wala kwenye gari. Bomba linauzika. Maghala yanalitaka, shule mbili zimelitaka. Nyuzi zimenishinda. Nimeunguza vitita viwili, chupa nimejaribu za kila aina, na mchoro hauonyeshi ining'inie umbali gani kutoka kwenye kioo. Nilimtumia mtu akamuulize, akasema amesahau.

Alikuwa amehamia mji mwingine, mahali wasipomjua. Gata kule ni chache. Mwaka ulipopita nilimtumia salamu nyingine: anikunjie mabomba, nimlipe kwa kila bomba. Nilidhani atatukana. Alikubali, kwa sharti moja, kwamba hatapanda paa la mtu kuyafunga. Ananiletea arobaini kwa mwezi, yameng'aa ndani kuliko ya fundi yeyote niliyejaribu, wala haulizi yanakwenda wapi.

Mimi nimepata karatasi yenye muhuri na nusu ya ubunifu. Yeye amepata kazi. Dada yake hashoni tena. Anakaa mlangoni kwenye kile chumba na trei ya vifungo mapajani, anavitenga kwa kupapasa, vya matundu mawili huku, vya manne kule, na ukisimama mbele yake anauliza ni nani. Hakuwa katika mapatano yetu, kwa hiyo hakupata kitu.